Laptopu, amplifaya ya zamani na ule mvumo: nunua waya kwanza

Msomaji wa Tanga anaeleza kwamba amerithi amplifaya ya Technics ya miaka ya 1980 pamoja na spika zake mbili za mbao, na kwamba laptopu yake imejaa taarabu na dansi la zamani, sehemu kubwa ikiwa imehamishwa kutoka kwenye kaseti. Aliazima waya akaunganisha; muziki ulitoka, lakini chini yake kulikuwa na mvumo usiokatika. Muuza duka amemshauri anunue DAC ya bei kubwa, kijana wake anamwambia anunue kipokezi cha Bluetooth, na yeye mwenyewe anataja kwa kupita kwamba king'amuzi cha televisheni nacho kimeunganishwa kwenye amplifaya hiyo hiyo. Anauliza mambo matatu: njia ipi ni nafuu bila kuharibu sauti, mvumo unatoka wapi, na je, kompyuta yaweza kuunguza amplifaya au spika?

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kulieleza tatizo lako kwa ukamilifu, maana hiyo habari ya king'amuzi ndiyo iliyobeba nusu ya jibu. Kwa ufupi: nunua waya mzuri wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na pini mbili za RCA, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Kisha tafuta chanzo cha mvumo kabla hujatoa senti nyingine. Mambo ya DAC na Bluetooth yasubiri majaribio nitakayokueleza, na kwa jinsi ulivyoandika, sidhani kama utafika huko.

Muuza duka wako hakukwambia kwamba DAC unayo tayari. Jina hilo la herufi tatu ni la kifaa kinachogeuza tarakimu zilizomo kwenye faili kuwa mawimbi ya umeme ambayo amplifaya inaweza kuyakuza, na hakuna kompyuta inayotoa sauti kwenye tundu la hedifoni bila kuwa nacho ndani. Anachokuuzia ni cha pili, kitakachokaa nje. Swali la maana ni kama hicho cha ndani kinatosha kwa amplifaya yako, na hapo tuangalie volti. Amplifaya za Kijapani za kizazi hicho kwa kawaida zilitengenezwa ili matundu yake ya AUX na TUNER yatosheke na takriban milivolti 150 kufikia nguvu yake yote. Tundu la hedifoni la laptopu nyingi hutoa karibu volti 1, yaani zaidi ya mara sita ya kinachotakiwa. Ukinzani nao hauna tatizo: tundu la hedifoni lina omu chache, au makumi kadhaa tu, ilhali amplifaya inapokea kwa makumi ya maelfu ya omu, na huo ndio mpangilio unaotakiwa, chanzo chepesi kikilisha mpokeaji asiyevuta mkondo mkubwa. Kwa sababu hiyo pia usiogope urefu wa waya. Mita 3 au hata 5 hazitakupunguzia trebo yoyote ambayo sikio la binadamu linaweza kuisikia, na anayekuuzia waya wa bei ya ajabu kwa hoja hiyo anakuuzia hoja.

Kuhusu ubora wa sauti, lazima tuzingatie unachokisikiliza. Kaseti ya kawaida isiyo na Dolby (mfumo wa kupunguza mchakacho wa utepe) huacha nafasi ya takriban desibeli 50 hadi 55 kati ya muziki wenye nguvu na ule mchakacho wa utepe wenyewe, wakati mfumo wa biti 16 unaotumika kwenye CD una nafasi ya desibeli 96. Chipu ya sauti iliyomo kwenye laptopu ya kawaida haifikii kila mara upeo wa CD, lakini yenyewe huiacha kaseti mbali nyuma. Maana yake ni kwamba mchakacho unaousikia nyuma ya violini na kinanda cha taarabu umo ndani ya faili, na hakuna DAC, hata ya milioni moja, itakayouondoa. Ukisikiliza YouTube hali haitofautiani sana, kwa kuwa sauti yake kwa kawaida huja kwa kilobiti 128 hadi 160 kwa sekunde, dhidi ya kilobiti 1,411 za CD. Mwenye maktaba ya CD zilizonakiliwa bila kubanwa, spika za kisasa zenye kusema kila kitu na chumba kimya usiku ana haki ya kuanza kufikiria DAC ya nje. Wewe bado una kazi ya bei rahisi ya kufanya kwanza.

Kazi hiyo inaanzia kwenye kuchagua waya, jambo dogo ambalo watu wengi hukosea. Kwenye maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue kule Nairobi utaona nyaya za aina mbili zinazofanana sana. Mmoja una pini mbili za RCA, nyekundu na nyeupe, na pini yake ya milimita 3.5 ina miduara miwili myeusi inayoigawa sehemu tatu. Mwingine una pini ya tatu ya njano kwa ajili ya picha, na pini yake ndogo ina miduara mitatu na sehemu nne. Huo ni wa kamera na ving'amuzi. Usidhani kwamba ukiiacha ile njano ikining'inia mambo yatakuwa sawa, kwa sababu mpangilio wa sehemu hizo nne hutofautiana kati ya kifaa na kifaa, na mara nyingi sehemu inayopaswa kuwa ardhi ya sauti, yaani njia ya umeme kurudi, inaangukia mahali pengine. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: ala zinasikika kwa mbali, mwangwi upo, lakini mwimbaji ametoweka. Hilo hutokea kwa kuwa ardhi ikikosekana, kila upande wa amplifaya hupokea tofauti kati ya kushoto na kulia badala ya kushoto na kulia penyewe, na kwa kuwa mwimbaji hurekodiwa katikati, yaani kwa usawa pande zote mbili, yeye hujifuta. Fundi anayeambiwa habari ya mwimbaji kupotea hahitaji kufungua amplifaya. Anaangalia ardhi ya waya. Epuka vilevile pini ndogo yenye mduara mmoja tu. Hiyo ni ya sauti ya upande mmoja, na ndani ya tundu la laptopu inaunganisha upande wa kulia na ardhi.

Ukiushika waya mkononi, chagua ulio mnene kiasi, usiojikunja kama uzi wa kushonea, kwa sababu unene huo kwa kawaida unatokana na wavu wa shaba unaouzunguka waya wa ndani ili kuzuia kelele za nje. Pini ya RCA ishike kwa kukaza kidogo unapoichomeka. Ikicheza, irudishe dukani.

Nyuma ya amplifaya yako kuna matundu mengi, na majina yake yana maana ndogo kuliko inavyodhaniwa. AUX, TUNER, CD na TAPE IN, kwa macho ya umeme, ni kitu kimoja; chomeka popote palipo wazi kati ya hayo na uzungushe swichi ya mbele ielekee jina hilo. Usichomeke kwenye PHONO. Tundu hilo ni la gramafoni, ambayo sindano yake hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo ndani yake mna ukuzaji wa takriban mara mia pamoja na marekebisho yanayoitwa RIAA, ambayo huinua besi sana na kushusha trebo sana ili kurudisha santuri katika hali yake ya asili. Ukiingiza volti 1 ya kompyuta humo utapata ngurumo iliyochanika ambayo si muziki wala si kitu kizuri kwa spika. Matundu yaliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT nayo yaache, kwa kuwa hayo yanatoa sauti, hayapokei. Endapo amplifaya ingekuwa ya Ulaya, kwa mfano Grundig au Philips za zamani, ungeweza kukuta tundu la duara lenye pini tano badala ya RCA, na hapo ungehitaji waya wa kubadilisha. Technics yako haina shida hiyo.

Kabla ya kuchomeka chochote, zima amplifaya. Utaratibu huu una sababu ya kimaumbile: pini ya RCA imeundwa kwa namna kwamba ule mchomo wa katikati hugusa kwanza, na duara la nje, ambalo ni ardhi, hugusa baadaye. Katika ule muda mfupi kati ya miguso miwili, umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye chaja ya laptopu hauna njia ya kurudi isipokuwa kupitia tundu la kupokelea la amplifaya, nao hukuzwa na kutoka kama mlipuko kwenye spika. Pini ndogo upande wa laptopu nayo husugua sehemu zake moja baada ya nyingine inapoingia. Basi chomeka kila kitu, washa kompyuta, na amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza.

Sasa tuje kwenye mvumo, ambao ndio uliokufanya uandike. Usianze na mawazo, anza na masikio. Washa kila kitu, usipige muziki, panua volyumu mpaka kiwango unachosikilizia kwa kawaida, kisha usogeze sikio karibu na spika. Kuna kelele mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mvumo mzito, wa chini, usiobadilika hata ukifanya nini kwenye kompyuta. Huo unatokana na umeme wa nyumbani, ambao kwetu Afrika Mashariki hubadilika mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo unausikia kwenye hezi 50 na kwenye 100. Ya pili ni mlio mwembamba, wa kusaga au kulia kama mbu, unaobadilika unaposogeza kipanya, unapofungua ukurasa au fleshi inaposomwa. Huo unazaliwa ndani ya kompyuta yenyewe. Kwa maelezo yako ("mvumo usiokatika") nina hakika kiasi kwamba wako ni wa kwanza, na kwa mvumo wa namna hiyo DAC ya muuza duka inaweza isisaidie hata kidogo, kwa kuwa ardhi ya waya wa USB ni ile ile ardhi ya laptopu.

Mvumo wako huenda unasababishwa na kile mafundi wanachokiita mzunguko wa ardhi. Laptopu yako, ikiwa chaja yake ni ya pini tatu, imefungwa kwenye ardhi ya nyumba kupitia ile pini ndefu ya soketi. Amplifaya za Kijapani kwa kawaida zina waya wa umeme wa pini mbili, kwa hiyo yenyewe haigusi ardhi, na laptopu na amplifaya zikiwa peke yake hakuna mzunguko. Lakini king'amuzi chako kimeungwa na dishi, dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma au kwenye paa la bati, na nguzo hiyo ina uhusiano wake na ardhi mahali pengine kabisa. Sehemu hizo mbili za ardhi hazilingani sawasawa kwa volti, na tofauti hiyo ndogo husukuma mkondo kupitia njia pekee iliyopo kati yake: ganda (ule wavu wa shaba) la waya wa king'amuzi, kiunzi cha amplifaya, ganda la waya wa laptopu. Mkondo unaopita kwenye ganda la waya wa sauti huacha volti kidogo njiani, na amplifaya haiwezi kujua kwamba volti hiyo si muziki.

Kuthibitisha hakuna gharama. Chomoa chaja ya laptopu ukutani na uiache ifanye kazi kwa betri. Mvumo ukikatika papo hapo, mzunguko wa ardhi umepatikana. Irudishe chaja, halafu chomoa nyaya za king'amuzi nyuma ya amplifaya, si za laptopu; mvumo ukikatika tena, basi king'amuzi ndiye mwenzake kwenye mzunguko. Ukiwa hapo chomoa pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi huku nyaya zake za sauti zikiwa zimerudishwa, maana jaribio hilo linakuonyesha kama ardhi ya pili inaingilia kwenye dishi au kwenye soketi ya king'amuzi. Kama mvumo haukatiki katika jaribio lolote kati ya haya, chomoa waya wa laptopu wote kwenye amplifaya. Ukibaki hata hapo, tatizo ni la amplifaya yenyewe, na kwa mashine ya umri huo mshukiwa wa kwanza ni kapasita kubwa za kuchuja umeme, ambazo hukauka; hiyo ni kazi ya fundi wa redio, na hakuna kifaa cha kompyuta kitakachoitibu.

Tukichukulia kwamba ni mzunguko wa ardhi, tiba yake ni kisanduku kidogo chenye transfoma mbili ndogo ndani, ambacho huuzwa kwenye maduka ya redio za magari kama kichujio cha kelele. Sauti hupita humo kwa sumaku badala ya kupita kwa shaba, kwa hiyo mkondo wa ardhi hauna njia tena. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya DAC. Kina kasoro moja: transfoma ndogo namna hiyo huchoka kwenye besi nzito sana, ambayo huja imepungua au imechanika. Ndiyo maana nakushauri ukiweke kwenye nyaya za king'amuzi, usikiweke kwenye waya wa laptopu. Mzunguko hukatika vilevile, kwa kuwa mnyororo hukatika popote unapoukata; taarifa ya habari itapoteza besi ambayo haikuwa nayo, na muziki wako utapita kwenye waya mtupu bila kuguswa. Wauzaji wengi hawalisemi hili, pengine kwa sababu hawajaulizwa. Angalizo: ukiunga laptopu hiyo hiyo na televisheni kwa HDMI, mzunguko unaweza kurudi kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo usifanye hayo mawili kwa wakati mmoja.

Kuna tiba ya mtaani ambayo nakusihi usiifuate, nayo ni kuikata ile pini ya ardhi kwenye plagi ya chaja au kuifungua waya wake ndani. Mvumo utakatika, ni kweli. Lakini pini hiyo ipo ili hitilafu ya ndani ya chaja iangushe fyuzi au swichi badala ya kukungoja uguse kiunzi cha laptopu. Ukiwa na chaja ya pini mbili iliyotengenezwa hivyo tangu kiwandani, hilo ni jambo tofauti, kwa kuwa imejengwa na kinga maradufu. Ule mtekenyo unaousikia mkononi ukipapasa laptopu ya chuma ni mvujo mdogo sana wa kapasita za kuchuja, na ndio huo huo niliousema kwamba hulipua spika ukichomeka RCA amplifaya ikiwa imewashwa.

Niongeze jambo kwa wasomaji wanaotumia sola. Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini la umeme bali ngazi zilizokatwakatwa, na ngazi hizo hujaza transfoma ya amplifaya kelele ya kukwaruza ambayo hakuna waya utakaoiponya. Kama kelele inakuja tu wakati umeme wa gridi umekatika, dawa ni inveta ya wimbi kamili.

Ikiwa, kinyume na ninavyodhani, kelele yako ni ile ya pili ya mbu na kipanya, hapo ndipo kifaa cha nje kinapokuwa na maana, na bado huna haja ya kutumia pesa nyingi. Kwa kompyuta ya mezani jaribu kwanza tundu la kijani la nyuma badala ya lile la mbele, kwa kuwa la mbele huletewa sauti kwa waya mrefu unaopita katikati ya kelele zote za ndani. Kwa laptopu, kifaa cha bei ya chini ninachokiheshimu ni ile adapta ndogo ya Apple ya kutoka USB-C kwenda pini ya milimita 3.5, ambayo Marekani huuzwa dola 9. Ndani ya kile kipande kidogo cha plastiki mna DAC kamili, safi kuliko vifaa vingi vya bei mara kadhaa, na hufanya kazi kwenye Windows bila kusakinisha programu yoyote. Toleo la Marekani hutoa takriban volti 1 na lile la Ulaya nusu yake, jambo ambalo huwasumbua wenye hedifoni zinazohitaji nguvu kubwa, lakini wewe unakumbuka kwamba amplifaya yako inatosheka na milivolti 150, kwa hiyo toleo lolote linakufaa. Kama laptopu ina matundu ya USB ya zamani tu, kigeuzi cha kawaida kinatosha.

Hata hivyo tahadhari unaponunua. Sokoni kuna adapta zinazofanana na hiyo kwa umbo ambazo ndani hazina kitu isipokuwa nyaya. Zinategemea simu fulani zinazoweza kutoa sauti ya kawaida kupitia tundu la USB-C, na kwenye laptopu ziko kimya kabisa. Jaribu mbele ya muuzaji: chomeka, fungua mipangilio ya sauti, na uangalie kama limetokea jina la kifaa kipya. Lisipotokea, hakuna DAC humo. Vile vifaa vingine vya USB vyenye matundu mawili, la kijani na la waridi, vinavyouzwa kwa bei ya soda chache, vina DAC ya kweli, ila kelele zake mara nyingi hazitofautiani na za laptopu unayoikimbia.

Kama unafikiria kuendelea kuhamisha kaseti zako, basi kuna kifaa kimoja ambacho ningekinunua hata bila mvumo: Behringer UCA202, au ndugu yake UCA222, ambayo bei yake huko nje ni karibu dola 30. Kina matundu ya RCA ya kutoa na ya kupokea, hupata umeme wake kwenye USB, na upeo wake wa biti 16 na kilohezi 48 unatosha kabisa kwa kaseti na kwa CD. Ile TAPE OUT niliyokuambia uiache hapo juu sasa inapata kazi: iunge na upande wa kupokea wa kifaa hiki, cheza kaseti kwenye deki iliyochomekwa AUX, TUNER au CD (si TAPE IN, kwa kuwa kwa kawaida sauti yake haifiki TAPE OUT), na kompyuta irekodi.

Juu ya hapo kuna DAC za mezani za chapa kama FiiO, Topping na Schiit, nyingi zikitoa volti 2 kama vicheza CD. Ni vifaa vizuri. Kwa spika zako na faili zako, pesa hiyo ingefanya kazi zaidi kwa fundi wa kukagua kapasita za amplifaya na kusafisha swichi na volyumu zake kwa dawa ya kusafishia kontakti.

Kuhusu Bluetooth, kijana wako hakukosea kabisa, ila anajibu swali tofauti. Kipokezi cha Bluetooth hukata mzunguko wa ardhi moja kwa moja, kwa kuwa hewani hakuna ganda la waya, na kinakuruhusu kupiga muziki kutoka kwenye simu ukiwa umekaa barazani. Kwa upande wa sauti, mfumo wa msingi uitwao SBC hufika takriban kilobiti 328 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kwa kaseti zilizonakiliwa na kwa YouTube. Matatizo yake ni mengine. Vipokezi vya bei ya chini vina kelele zake wenyewe, hasa vikilishwa na chaja duni ya simu. Sauti huchelewa kwa sehemu ya sekunde, jambo lisilo na madhara kwa muziki lakini linaloudhi kwenye filamu ambayo programu yake haijui kusawazisha. Na kila mgeni mwenye simu anaweza kuiteka spika yako katikati ya wimbo. Kama hilo la mwisho linaonekana kama faida nyumbani kwako, kinunue, lakini waya uwe nao.

Limebaki swali lako la tatu. Volti 1 ya laptopu haiwezi kuunguza amplifaya iliyochomekwa kwenye AUX. Kinachounguza spika ni amplifaya inayolazimishwa kupita uwezo wake, kwa kuwa mawimbi yakishakatwa vichwa huzaa nguvu nyingi za sauti nyembamba, na zile spika ndogo za trebo ndizo zinazolipia. Weka sauti ya kompyuta karibu na mwisho, tuseme asilimia 80 au 90, halafu utumie volyumu ya amplifaya kila siku. Kwa njia hiyo muziki unatoka ukiwa na nguvu na kelele za njiani zinabaki ndogo kwa kulinganisha. Kwa sababu amplifaya yako ni nyepesi kushtuka, utakuta robo ya mzunguko wa volyumu inatosha chumba kizima. Ikiwa unaona haikupi nafasi ya kurekebisha vizuri, shusha kompyuta kidogo mpaka volyumu ikae starehe. Zima vile viboresho vya sauti ambavyo Windows au mtengenezaji wa laptopu huviwasha kimyakimya, maana vimetungwa kwa ajili ya spika ndogo za laptopu na kwenye spika za mbao huleta besi ya kubandika. Ukitumia programu ya kuchezea muziki ya VLC, usiivushe sauti yake asilimia 100 hata kama kitelezi kinaruhusu kufika 125, kwa kuwa hapo mawimbi hukatwa vichwa kabla hata hayajaingia kwenye waya.

Na zima sauti za taarifa za kompyuta. Nakala za kaseti mara nyingi zimerekodiwa kwa sauti ndogo, unapanua amplifaya ili umsikie mwimbaji, kisha ujumbe wa barua pepe unaingia kwa nguvu yake yote.